Ripoti ya Level 2 ya RICS: pesa yake halali, ukijua 3 ipi ya kuogopa

Anayenunua nyumba Uingereza kwa mara ya kwanza huipokea ripoti ya Level 2, yaani ukaguzi wa ngazi ya kati wa hali ya nyumba kwa viwango vya RICS (chama cha wakaguzi wa majengo), kama majibu ya hospitali. Kurasa nyingi, na kila sehemu ya nyumba imepigwa namba: 1 ya kijani, hakuna la kufanya kwa sasa, 2 ya rangi ya chungwa, irekebishwe ila si dharura, 3 nyekundu, kasoro kubwa au jambo la kuchunguzwa haraka. Nyumba ya matofali ya kabla ya 1919 inaweza kurudi na 3 sita au saba, na wanunuzi wengi hukimbia hapo hapo. Wanakosea, kwa sababu 3 zote hazina uzito sawa.

Chukua umeme. Muuzaji asipoonyesha cheti cha karibuni, wakaguzi wengi huandika 3 hata kama waya zinaonekana mpya, maana kazi yao ni kutazama, si kupima saketi. Gesi vivyo hivyo. Hizo tunaziita 3 za karatasi. Fundi umeme aliyesajiliwa atakupa EICR, yaani ripoti ya hali ya mfumo wa umeme, na wa gesi awe na kadi ya Gas Safe, orodha rasmi ya mafundi gesi. Kwenye EICR tafuta C1 (hatari ya sasa hivi) na C2 (inaweza kuwa hatari). C3 ni ushauri tu, isikunyime usingizi.

Unyevu ndio unaovuruga mauzo mengi, na hapo huduma hii ni dhaifu. Kile kipimo cha pini mbili anachochomeka mkaguzi ukutani kimetengenezwa kwa ajili ya mbao. Kwenye lipu yenye chumvi namba hupanda hata ukuta ukiwa mkavu. Kisha ripoti inakuelekeza kwa "mtaalamu wa unyevu", na anayekuja bure ni yule yule anayeuza dawa ya kudunga ukutani. Muuza dawa hakosi kukuona mgonjwa. Mlipe mtu huru asiyeuza chochote.

Kabla hata ya huyo, toka nje uinamie ukuta. DPC, hiyo hiyo ya mafundi wa Dar na Nairobi, tabaka la ukutani la kuzuia unyevu usipande, inatakiwa iwe angalau milimita 150 juu ya ardhi, yaani kozi mbili za tofali la Kiingereza. Mara nyingi utakuta mtu amemwaga zege la njia au amejaza udongo wa bustani mpaka kuifunika, na maji yamepata pa kupandia. Au gata imeziba kwa majani, na chini yake kuna mstari wa kijani ukutani. Au viungio vya ukuta wa zamani vimezibwa kwa saruji badala ya chokaa, unyevu ukakosa pa kutokea. Hayo yanataka sururu, ngazi na fundi mvumilivu, si sindano.

Kwenye nyufa, usiridhike na maneno "jengo limesogea". Dai milimita. Kwa viwango vya BRE, taasisi ya utafiti wa majengo ya Uingereza, ufa wa hadi milimita 1 ni mdogo sana, hadi 5 ni mdogo. Wa 5 hadi 15 ni wa kati, na hapo milango hukwama. Ufa wa ngazi-ngazi, mpana juu na mwembamba chini, karibu na mti mkubwa kwenye udongo wa mfinyanzi wa London, ni kazi ya mhandisi wa miundo, na wakili wako aulize historia ya bima ya nyumba hiyo.

Kinachotutisha kuliko 3 ni NI, yaani hakikukaguliwa. Mkaguzi hafunui zulia wala hasogezi kabati, na ngazi yake ni ya mita 3. Dari likiwa limefungwa, boriti hazijaonwa na mtu. Omba lifunguliwe.

Kilicho bora hakimo kwenye kurasa: ni simu baada ya ripoti. Muulize mkaguzi swali moja: 3 zipi umeziandika kwa ulichokiona, na zipi kwa usichoweza kukiona? Dakika kumi za jibu lake zinapita maandishi yote, ambayo nusu ni ya kujikinga.

Ukishajua, chukua makadirio ya mafundi wawili au watatu, kisha mpelekee wakala ukurasa wa kasoro na makadirio hayo, si ripoti nzima. England na Wales unaweza kushusha bei au kujitoa kabla ya kubadilishana mikataba, hatua inayowafunga nyote wawili, ingawa ada ulizokwisha kulipa hazirudi. Muuzaji akisema atatengeneza mwenyewe, kataa kwa adabu; atachagua fundi wa bei ya chini. Scotland mambo ni tofauti: Home Report, ripoti ya hali ya nyumba, hutolewa na muuzaji, uisome kabla ya kutoa bei.

Na tathmini ya benki si ukaguzi. Inalinda mkopo wao tu.

Kwa nyumba ya kawaida ya matofali isiyochezewa sana, Level 2 inatosha. Nyumba kongwe, iliyobomolewa kuta za ndani au ya paa la nyasi, ongeza pesa uchukue Level 3, ambayo inaeleza chanzo cha kasoro na namna ya kuirekebisha.