Kabro za Mji wa Kale: paved au paving_stones?

Ukichora vichochoro vya Mji wa Kale, Mombasa, kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, sehemu ya surface (aina ya sakafu ya njia) hukuletea thamani mbili za kuchagua. Thamani paved yasema tu kwamba chini pamesakafiwa: yaweza kuwa lami, zege au kabro. Si kosa, na ndiyo salama ukitegemea picha za setilaiti peke yake, kwani kabro ya kijivu iliyoingia vumbi hufanana mno na zege.

Thamani paving_stones ndiyo kabro yenyewe: matofali ya umbo moja, uso bapa, mianya myembamba. Hii ni bora zaidi, maana hamali mwenye mkokoteni na mtu wa kiti cha magurudumu wanahitaji kujua. Ila shuka uikanyage. Palipofukuliwa bomba, huenda pamezibwa kwa zege. Kiraka cha mita moja kiache, kikiwa kirefu kata mstari wa njia hapo, uandike concrete (zege). Mvua ikiosha mchanga wa mianyani, tofali hucheza na kutitia: bado ni paving_stones, ubovu uandike kwenye smoothness, sehemu ya ulaini wa njia. Na thamani sett usiiguse, hiyo ni ya mawe ya asili yaliyochongwa.