Kibanda cha muvi Sabasaba, folda ya Brazil ina mzigo ila kagua kabla hujalipa

Wakuu, kuna jamaa anawekea watu muvi kwenye flashi hapa Dodoma, nyuma ya soko la Sabasaba, jina silitaji maana nitamsema kidogo. Nilifuata sizoni ya Kikorea ya wife nikaona folda imeandikwa BRAZIL, nikajua mpira au zile tamthilia za mapenzi, kumbe ni muvi kama 20 hivi za zamani na mpya. Moja sh 500, ukibeba 10 anakuachia kwa 4,000.

Tatizo hajui alichonacho. Anakusukumia Cidade de Deus ya 2002 na Tropa de Elite, "hizi ndo zenyewe kaka, bunduki mwanzo mwisho", na kweli ni kali sibishi, ila utadhani Wabrazil wameshika kamera juzi. Humo humo kachanganya Orfeu Negro ya 1959, waigizaji wa kule na Rio ya kule lakini aliyeongoza ni Mfaransa, Marcel Camus. Ukitaka ya Wabrazil wenyewe iliyobeba tuzo kubwa ya Cannes, lile tamasha la filamu la Ufaransa, ni O Pagador de Promessas ya 1962, mkulima kabeba msalaba mpaka Salvador kutimiza nadhiri afu padri anamfungia mlango wa kanisa. Na ile ya muongozaji wao Glauber Rocha, Deus e o Diabo na Terra do Sol ya 1964, niliyopewa sauti inawahi midomo, dakika ya 40 inaganda, nimerudi mara mbili naambiwa flashi yangu ina virusi. Flashi mpya bana!

Ila kwa Vidas Secas nimemsamehe. Ya Nelson Pereira dos Santos, 1963, nyeusi na nyeupe, familia inakimbia ukame kaskazini mashariki mwa Brazil, baba, mama, watoto wawili na mbwa anaitwa Baleia. Jua limeachwa liunguze picha hivyo hivyo, unasikia gurudumu la mkokoteni linalia tu kwiii kwiii hakuna muziki. Niliiweka sebuleni mama yupo, yeye kakulia Bahi, huku huku Dodoma kwenye ukame, hajui Kireno wala hayo maandishi ya chini ya Kiingereza, na hakuyahitaji maana watu wenyewe hawaongei. Walipomchinja kasuku wao wakamla, mama yangu akaacha kuchambua mchele. "Hapa si kwetu hapa?" Alipopigwa risasi mbwa ndo akanigeukia kabisa, eti wamemuua kweli? Nikamwambia hata Cannes 1964 watu waliuliza hivyo hivyo, ikabidi mbwa apandishwe ndege mpaka Ufaransa waone yuko hai. Mama akasema mbwa kapanda ndege, mi hata hiyo SGR sijapanda.

Ainda Estou Aqui ya Walter Salles, iliyobeba Oscar 2025, anayo na kopi yake safi. Ichukue pamoja na Central do Brasil ya 1998 ya huyo huyo Salles, kwenye hii mama mtu, Fernanda Montenegro, aliteuliwa Oscar akakosa, kwenye ile mwanae Fernanda Torres naye kateuliwa kakosa vile vile.

Nampa nyota 3 kwa 5. Nenda asubuhi kabla foleni ya wanachuo haijaanza, mwambie akufungulie kila moja katikati kabisa, sio mwanzo, mwanzo zote zinacheza.