Sindano ya mwezi au kidonge cha kila siku?

Dawa ni ileile, naltreksoni: huziba vipokezi vya ubongo vinavyoipa pombe raha yake, na hamu ikapungua. Marekani iliidhinisha kidonge kwa waraibu wa pombe mwaka 1994, sindano (Vivitrol) mwaka 2006.

Kwa bei, kidonge kinashinda bila ubishi. Huko Marekani, bila bima, sindano moja hupita dola 1,000. Tena hutunzwa kwenye friji, na nesi ndiye huichoma kwenye msuli wa tako, miligramu 380, kila wiki 4. Pale palipochomwa huweza kuuma na kuvimba.

Sindano inajibu kwenye uhakika. Kidonge cha miligramu 50 kinadai uamuzi mpya kila asubuhi, na anayepanga kunywa Ijumaa anajua pa kukisahau: nyuma ya kopo la sukari. Ukishachomwa, mjadala umefungwa kwa mwezi.

Ila ndo basi, haitoki. Ukipata ajali keshokutwa, morfini, dawa ya maumivu inayotegemea vipokezi hivyohivyo, haitakutuliza ipasavyo. Kidonge unaacha tu.

Zote hazimfai anayetumia dawa za jamii ya afyuni (kama morfini au heroini), mpaka akae siku 7 hadi 10 bila hizo. Wala hazizuii degedege la kuacha pombe ghafla. Hilo ni la hospitali.

Mwenye mke au dada wa kumsimamia asubuhi, kidonge chaweza kumtosha. Anayeishi peke yake na vidonge vimeshamshinda mara mbili, amuulize daktari habari za sindano. Mwenye upasuaji karibuni aseme mapema.