Uzoefu wangu na seti ya kusuka waya na vitaa vya LED, nikiwa Kigoma

Hii seti niliiagiza duka moja la mtandaoni la Dar ikaja na basi mpaka huku Kigoma, nililipa kama 30,000 na nauli ya mzigo juu yake, nimeitumia vya kutosha na sasa naweza kuisema kwa uhakika. Ndani kuna roli ndogo za waya, plaizi mbili, vitaa vya LED rangi mchanganyiko, vishikio vya betri bapa zile CR2032, swichi, na karatasi ya maelekezo ya kutengeneza kimti cha mezani chenye taa.

Mimi kile kimti cha kwenye karatasi sikukitaka, nilitaka mchikichi. Huku kwetu mawese ndo maisha na mkungu wa ngazi (yale matunda ya mchikichi) ukiiva unakuwa mwekundu hasa, kwaiyo nikasema nikikusanya LED nyekundu pale juu katikati ya makuti ya waya nitapata kitu cha kwetu kabisa, na kweli nilikipata.

Sasa tuje kwenye waya maana hapa ndo kwenye shida. Kwenye roli wameandika shaba, lakini chukua sumaku ya spika mbovu iguse, inanasa! Shaba hainasi sumaku jamani, huo ni waya wa chuma umepakwa rangi, ni mgumu, unarudi ulikotoka ukiukunja, na hali ya unyevu ya huku ziwani lazima ushike kutu. Kwa anayeanza waya wa hivyo unakatisha tamaa bure, unadhani mikono yako haiwezi kumbe waya ndo haufai.

Nikaenda kwa fundi wa kusuka mota kule Mwanga, hapa hapa Kigoma mjini. Shikamoo fundi, marahaba mwanangu umeleta mota gani, nikamwambia sina mota nataka waya tu wa kupambia, akacheka akanitolea vipande vilivyobaki, vinene kidogo vya milimita moja hivi na vyembamba vya chini ya nusu milimita, akapima kwenye mizani akanipa kwa hela ndogo kabisa. Huu ndo waya! Unakunjika unavyotaka na rangi yake ya kahawia inapendeza bila kupaka chochote.

Alafu kuna jambo ambalo karatasi ya seti haisemi kabisa na mimi naona ndo utamu wa kazi nzima: waya wa mota umepakwa vanishi na hiyo vanishi inazuia umeme. Maana yake shina la mchikichi ukilisuka kwa nyuzi nyingi, nusu ya nyuzi zinabeba chanya na nusu hasi, zimelaliana zimeviringana na hazipigi shoti, yaani shina lenyewe ndo saketi, huna haja ya kuficha nyaya nyingine popote. Sehemu za kuunganishia tu ndo unakwangua vanishi kwa msasa mpaka shaba ing'ae, usipokwangua taa haitawaka hata uunge vipi. Mguu mrefu wa LED ni chanya, mfupi hasi.

Kusuka kwenyewe ni rahisi, kunja waya mara mbili, ncha zibane kwenye kitu kisichotikisika, upande wa kitanzi weka msumari uuzungushe huku unavuta, ukilegeza mkono tu msuko unakaa vibaya. Shaba ukiikunjakunja sana inakuwa ngumu na mwisho inakatika. Mafundi wanailainisha kwa kuipasha kwenye moto wa mkaa mpaka iwe nyekundu ya kufifia, ila hiyo fanya kwa waya mtupu tu, wa vanishi ukiupasha vanishi inaungua na saketi yako ndo basi, na moshi wake si wa kuvuta.

Vitaa vya seti nimevipenda, vinawaka vizuri, kasoro ni kuchanganya rangi kwenye pakti moja bila maelezo. LED nyekundu inataka kama volti 2, nyeupe na bluu zinataka karibu 3. Ukiziunga sambamba, yaani chanya zote pamoja na hasi zote pamoja, kwenye betri moja bapa ya volti 3 nyekundu inavuta umeme wote, nyeupe inabaki giza, na mtu anayeanza atasema kauziwa mbovu. Tumia rangi moja. Ukitaka kuwashia chaja ya simu ya volti 5 weka rezista, kile kidude cha kupunguza umeme, kila taa na yake, kwa nyekundu 220 omu inatosha. Umeme wa ukutani wa volti 230 hii siyo kazi yake, kaa nao mbali.

Plaizi za seti zina meno yanayoacha alama kwenye shaba, mimi nimezifunga selotepu kwenye midomo na zinafanya kazi nzuri tu.

Kwaiyo seti nzima singeinunua tena, ningenunua vitaa, rezista na vishikio vya betri peke yake, waya nachukua kwa fundi wa mota, na hao wako kila mji. Na ukinunua vishikio tafuta vile vyenye kifuniko cha skrubu, vya kwangu viko wazi na betri inachomoka kirahisi, mtoto akiimeza hiyo inaunguza koo ndani ya masaa machache tu, ni hospitali mbio hata kama halii. Mchikichi wangu nimeuweka juu ya kabati.