Pakiti imeandikwa arnika, majani yanasema vingine

Nilinunua mbegu za arnika, ua la njano la dawa, nikazipanda. Ningekuwa mtu wa kupanda na kusahau, leo nisingekuwa na neno. Lakini mimi huinama. Shina lilipoanza kurefuka niliinama na tochi ya simu nikafuata majani: moja kushoto, juu kidogo moja kulia, kisha kushoto tena. Yanapishana kama nyayo za mtu anayetembea.

Anayeijua arnika ya milimani, Arnica montana, ile ya malisho ya juu kule kwenye milima ya Alps, Ulaya, ameshanielewa. Majani yake ya chini hulala bapa ardhini kwa duara. Shinani huwa na jozi moja au mbili tu, na kila jozi majani yanatazamana, moja huku na jingine kule, usawa mmoja. Ua lenyewe ni njano iliyokolea kuelekea rangi ya machungwa, na ncha ya kila petali ya pembeni ina vijino vitatu. Rangi inaweza kukudanganya, maana ukoo wa alizeti umejaa maua ya njano. Majani yanayotazamana hayadanganyi kirahisi.

Nikapiga picha tatu, nikamtumia muuzaji kwa adabu zote. Jibu likaja baada ya siku kadhaa: "Mpendwa mteja, maua ya milimani yote yanafanana. Labda ni macho yako." Macho yangu! Mtu anauza mbegu za dawa, anaulizwa habari ya jani, anajibu habari ya macho.

Nisiwaonee, lakini. Pakiti ya kwanza niliiua mwenyewe. Nilichanganya majivu kwenye udongo kwa mazoea, kumbe arnika haipatani na chokaa wala majivu. Inataka udongo wenye asidi, tena usio na mbolea nyingi. Haikuota hata moja. Nilipolalamika walinitumia pakiti nyingine bure bila kubishana, na kwa muda nikawa mpiga debe wao.

Ya pili niliilea kama mtoto mchanga. Udongo mpya, mbegu kwenye friji wiki kadhaa ndani ya mchanga wenye unyevu, kisha juu juu ya trei zipate mwanga. Ziliota kama magugu na zikachanua mwaka uleule. Hapo ndipo ningeshtuka, kwa sababu arnika ya kweli kwa kawaida husubiri mwaka wa pili. Furaha ilinipofusha. Kwa maana hiyo, haya, labda kweli ni macho yangu.

Baadaye nikajua kwamba Meksiko kuna ua jingine, Heterotheca inuloides, ambalo watu wa huko nalo huliita arnika na kulitumia kwa michubuko. Majani yake yanapishana. Basi huenda muuzaji hakuniibia, jina tu limewachanganya. Nikawa tayari kuwapa nyota tatu.

Kisha nikaokota kile kikaratasi kilichokuja na pakiti. Mbele: Arnica montana, herufi kubwa. Nyuma: "Chemsha maua, kunywa kikombe asubuhi na jioni." Kunywa! Arnica montana hupakwa juu ya ngozi isiyo na jeraha palipovimba au palipovilia damu, haipakwi kwenye kidonda kibichi, na hata ikipakwa wengine huwashwa na kutoka vipele. Ndani yake mna sumu iitwayo helenalini, ambayo ukiimeza huchoma tumbo na inaweza kuuvuruga moyo. Kwa hiyo wangenitumia ua sahihi, na mimi nikawatii, ningeumia. Usalama wangu umetokana na kosa lao!

Niliwaandikia kuhusu kikaratasi hicho. Wamesoma, hawajajibu. Nyota moja, na hiyo ni ya pakiti ya bure. Maua bado yako kitaluni, nyuki wamejaa, mazuri kweli. Nimeyachomekea kibao: SI DAWA.