Themokapo ya aina ya K au PT100? Tathmini ya vihisi joto kwa oveni ya mikate

Mtu anayeingia katika maduka ya vifaa vya umeme ya Kariakoo jijini Dar es Salaam, au ya barabara ya Luthuli jijini Nairobi, na kuulizia kihisi cha joto cha oveni, aghalabu hupewa themokapo ya aina ya K bila kuulizwa lolote isipokuwa urefu wa waya. Muuzaji huisifu kwamba inahimili zaidi ya nyuzi 1,000 za Selsiasi, na mnunuzi huridhika, ingawa oveni yake ya mikate haitafika hata nyuzi 300. Tathmini hii inailinganisha themokapo hiyo na PT100, kihisi kinachopima joto kwa ukinzani wa platini, katika oveni ya umeme ya bekari ndogo, ambayo themostati yake ya kuzungushwa kwa mkono ilikuwa ikiacha joto lipande na kushuka mno kati ya kuwaka na kuzimika kwa hita.

Themokapo ya aina ya K ni nyaya mbili za metali tofauti, kromeli na alumeli, zilizounganishwa nchani. Hutoa takriban mikrovolti 41 kwa kila nyuzi moja ya tofauti ya joto iliyopo kati ya ncha hiyo na skrubu za kidhibiti, yaani kifaa kinachosoma kihisi na kuwasha au kuzima hita, na kidhibiti hujipima joto lake chenyewe ili kukamilisha hesabu. Ni rahisi kwa bei, ni imara, na huitikia upesi mlango wa oveni unapofunguliwa. Usahihi wake ndio wa kuangaliwa: kwa kiwango cha kimataifa cha IEC 60584, themokapo ya daraja la pili inaruhusiwa kukosea hadi nyuzi 2.5 juu au chini, mpaka joto la nyuzi 333. Kwa mkate wa kawaida kosa hilo linavumilika.

Kisichovumilika ni waya. Themokapo nyingi za bei nafuu huja na kebo fupi, na fundi akiona haifiki kwenye kidhibiti huirefusha kwa waya wa shaba wa kawaida, kama anavyorefusha waya wa taa. Kiungo hicho kikikaa nyuma ya oveni penye nyuzi 60, huku kidhibiti kikiwa ukutani penye nyuzi 30, zile nyuzi 30 za tofauti hupotea katika hesabu: kidhibiti huonyesha 190 wakati ndani mna 220, na mikate huungua chini kabla ya kuiva katikati, kisha lawama humwangukia mwokaji. Dawa yake ni kebo maalumu ya aina ya K hadi kwenye skrubu za kidhibiti, nayo si kila duka huiweka. Rangi nazo zina mtego wake. Katika mfumo wa IEC kijani ni chanya na nyeupe ni hasi, lakini katika mfumo wa Marekani njano ni chanya na nyekundu ndiyo hasi, jambo linalompotosha kila aliyezoea kwamba nyekundu ni chanya. Themokapo iliyogeuzwa hujulikana mara moja, kwa kuwa oveni inapopata moto namba hushuka. Kebo ya kurefushia iliyogeuzwa ncha zote mbili ni hatari zaidi, maana namba hupanda vizuri kabisa, ila si za kweli.

PT100 hufanya kazi kwa njia nyingine. Ndani yake mna platini yenye ukinzani wa omu 100 katika nyuzi 0 na omu 138.5 katika nyuzi 100, na PT100 ya daraja B haitakiwi kukosea zaidi ya nyuzi 1.3 katika joto la nyuzi 200. Fundi mwenye multimita anaweza kuipima dukani kabla ya kulipa, kwani katika hewa ya nyuzi 25 hadi 30 inapaswa kusoma kati ya omu 110 na 112 hivi. Hurefushwa kwa waya wa shaba wa kawaida, mradi nyaya zote tatu ziwe za aina moja na urefu mmoja. Wanaotumia mbili na kuiacha ya tatu huingiza ukinzani wa waya katika kipimo, na kila omu 0.385 ya ziada huongeza nyuzi moja ya uongo.

Udhaifu wake upo pia. Haipendi kugongwa, huitikia polepole kidogo, na nyingi zinazouzwa zimevikwa kebo ya plastiki au silikoni isiyofaa kupita ndani ya ukuta wa oveni. Iulizwe yenye kebo ya nyuzi za kioo.

Vyovyote utakavyochagua, kihisi chenye kipenyo cha milimita 6 kiingie ndani angalau milimita 60, kando ya trei za mikate, mbali na hita. Kile chenye umbo la boliti fupi hupima bati kilichofungiwa, si hewa inayooka mkate, ningekiacha dukani. Usahihi hukaguliwa kwa barafu iliyopondwa ikachanganywa na maji, ambapo kisome 0, kisha kwa maji yanayochemka, bila kusahau kwamba maji huchemka karibu na nyuzi 100 Dar es Salaam lakini karibu na 94 tu Nairobi.

Kwa oveni hii PT100 ya nyaya tatu ndiyo iliyostahili, pamoja na kidhibiti kilichowekwa kwenye chaguo la PT100. Themokapo ya K ibaki kwa tanuri la vyungu, ambako PT100 za kawaida haziwezi kufika. Themostati ya zamani nayo isitupwe: iungwe kwenye mkondo wa kontakta, yaani swichi ya sumaku inayowasha hita, iwekwe juu kidogo ya joto la kuokea. Waya wa kihisi ukikatika, vidhibiti vingi hutambua na kuzima hita, lakini kihisi kikichomoka na kuning'inia nje kingali kizima, kidhibiti huiona oveni kuwa baridi na kuendelea kuipasha, na hapo ni themostati hiyo tu itakayokata umeme.