Mashauriano au kura: wakazi washirikishwe vipi mtaa wao unapojengwa upya?

Mtaa wa nyumba za umma ukipangiwa kubomolewa na kujengwa upya, njia mbili za kuwashirikisha wakazi hushindana.

Mashauriano ni mikutano, hojaji na michoro iliyobandikwa ukutani. Faida yake ni kwamba yanaweza kuanza kabla msanifu hajashika kalamu, na anayejua ngazi ipi ina giza akasikika mapema. Udhaifu wake ni mzito: mwenye mradi anaweza kusikiliza, akashukuru, kisha akaendelea na lake. Tena mikutano ya jioni huwaacha nje wafanyakazi wa zamu na wanaolea watoto wadogo.

Kura humpa mkazi nguvu ya kukataa. Jijini London, tangu Julai 2018, mradi unaobomoa nyumba za umma na kujenga mpya 150 au zaidi haupati fedha za Meya bila wakazi kuukubali kwa kura, isipokuwa kwa sababu chache maalumu. Hata wenye miaka 16 hupiga kura. Ahadi huandikwa mapema: haki ya kurudi, fidia, ukubwa wa nyumba. Lakini kura huuliza ndiyo au hapana. Haisemi jiko likae wapi.

Mimi nikilazimika kuchagua, nachukua kura, kwa sababu mazungumzo yasiyo na nguvu ya kukataa huwachosha watu wakaacha kuja. Ila ipigwe baada ya miezi ya mashauriano, na nyaraka zitafsiriwe kwa lugha za wapangaji kabla ya siku hiyo.